Sarara na Mkono

Chopsi zangu za kwanza kwenye chungu cha umeme nilizipika Kansas City, mwezi wa Januari, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Saa moja asubuhi nilipanga chopsi nne za nguruwe juu ya vitunguu, nikamimina kopo la supu nzito ya uyoga kama nilivyoelekezwa, nikaweka kwenye moto mdogo, nikaenda kazini. Niliporudi saa kumi na moja jioni harufu ilinipokea kwenye ngazi kabla sijafungua mlango. Nilikaa mezani nikiwa na njaa ya kutwa nzima. Kisu kiliingia bila shida, lakini nyama mdomoni ilikuwa kama pamba: nyuzi nyuzi, kavu, inakwama kwenye meno, nayo imezungukwa na mchuzi pande zote.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko njaa. Nyama iliyolala ndani ya mchuzi saa kumi inawezaje kutoka kavu kuliko ile inayokaangwa kwa dakika kumi?

Jibu nililipata kwa mama mmoja wa Moshi aliyekuwa ameishi mji ule miaka mingi, ambaye sisi vijana tulikwenda kumwamkia kila Jumapili. Nilimpelekea kipande kilichobaki. Alikigeuza kwa uma, akautazama mfupa, akakirudisha kwenye sahani. "Mwanangu, hii ni sarara," akaniambia. "Sarara haitaki kulala jikoni. Ukitaka kupika kutwa, nunua mkono." Yote yatakayofuata katika sura hii ni maelezo ya maneno yale.

Msomaji asiyekula nguruwe asiifunge sura hii. Mbuzi ana sarara na mkono, kondoo anavyo, ng'ombe anavyo, na chungu hakibagui.

Buchani neno chopsi linaficha vitu viwili visivyofanana. Nguruwe ana msuli mrefu unaopita kando ya uti wa mgongo toka mabegani hadi kiunoni, mmoja kila upande. Msuli huo haubebi mzigo mkubwa. Mnyama anapotembea, kazi hufanywa na miguu, mabega na shingo, huku msuli wa mgongoni ukinyoosha tu mwili. Kwa hiyo nyuzi zake ni laini na zimefungwa kwa utando mwembamba. Hiyo ndiyo sarara, na chopsi zinazong'aa kwenye kioo cha supamaketi, rangi moja ya waridi, mfupa mmoja pembeni na ukanda wa mafuta juu, karibu zote zimekatwa hapo. Chopsi za mkono, yaani za begani, zina sura mbaya. Rangi zake ni mbili au tatu, mafuta yamepita katikati ya nyama, na ndani yake kuna mfupa mpana wa bega na mistari myeupe inayokatisha huku na huko. Mnunuzi anayechagua kwa macho huziacha. Bei yake huwa chini pia.

Mistari hiyo myeupe ndiyo inayotuhusu. Ni kolajeni, protini ngumu inayofunga nyuzi za msuli pamoja na kuushikilia msuli kwenye mfupa. Kadiri msuli unavyofanya kazi ndivyo kolajeni yake inavyokuwa nyingi na ngumu. Ukiikaanga kwa dakika kumi utatafuna mpaka taya ziume. Lakini ikikaa kwenye joto lenye unyevu, kuanzia kama nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, hujifungua polepole na kugeuka jelatini, kitu kile kile kinachofanya supu ya makongoro inate kwenye midomo. Mgeuko huo hauharakishwi kwa moto wa kuunguza, maana unadai saa nyingi.

Wakati kolajeni inalainika, nyuzi zenyewe za nyama zinakwenda kinyume. Nyama isiyo na mafuta ni maji kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Kwenye nyuzi 50 hivi protini iitwayo mayosini huanza kuganda. Joto likipita nyuzi 60, utando unaozunguka nyuzi hujikunja na kuzikamua, kama mtu anavyokamua shuka kabla ya kuianika. Kwenye nyuzi 66 na zaidi protini nyingine, aktini, nayo inaganda, na maji mengi yaliyobaki yanatoka. Yakishatoka hayarudi, hata nyama ikiogelea kwenye mchuzi. Mchuzi uliozunguka chopsi zangu pale Kansas City kwa sehemu kubwa ulikuwa ni maji ya chopsi zenyewe.

Nyama ya mkono nayo hukamuliwa vivyo hivyo. Ila pale maji yanapotoka, jelatini na mafuta yaliyoyeyuka yanabaki katikati ya nyuzi, yanazitenganisha na kuzipaka. Ulimi unaonja hilo na kuliita ulaini. Sarara haina cha kuweka mahali pa maji. Kuongeza saa ni kuongeza hasara.

Mapishi niliyoelekezwa hayakuwa ya kijinga yalipoandikwa kwa mara ya kwanza. Nguruwe wenyewe wamebadilika. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia mfugaji wa Marekani alifuga nguruwe kwa nyama na kwa mafuta pia, maana mafuta ya nguruwe ndiyo yaliyokaangia chakula cha nchi. Mafuta ya mimea yalipoyaondoa jikoni, wafugaji walianza kuchagua mbegu za wanyama wembamba. Mwaka 1987 wazalishaji wa nguruwe wa Marekani walianza kampeni ya kuitangaza nyama yao kuwa nyama nyeupe nyingine, wakitaka kusimama bega kwa bega na kuku. Walifanikiwa. Sarara ya leo ina mafuta machache sana, na chopsi iliyokatwa hapo haiwezi kuvumilia mapishi yaliyoundwa kwa nguruwe wa bibi. Supu ya uyoga ya kopo, ambayo Campbell's ilianza kuiuza mwaka 1934, ilikuja kuwa kifuniko cha kosa hilo: inaipa nyama kavu utelezi kwa nje.

Sasa chungu chenyewe. Ni sufuria ya umeme yenye chungu cha udongo uliochomwa ndani yake na kifuniko kizito juu. Watu wetu waishio Marekani wengi huiita kwa jina la chapa, Crock-Pot, lakini mimi naiita chungu cha umeme kwa sababu ndivyo kilivyo. Kilibuniwa na mhandisi wa Chicago, Irving Naxon, aliyezaliwa na jina la Nachumsohn katika familia ya Kiyahudi. Mama yake alikulia Lithuania, na alimsimulia jinsi kwao Ijumaa jioni kila nyumba ilivyopeleka chungu chake cha maharage, nyama na nafaka kwa mwoka mikate. Sabato ikiingia, moto haukuruhusiwa kuwashwa. Tanuri lilizimwa, lakini joto lililobaki kwenye kuta zake lilivipika vyungu usiku kucha, na Jumamosi chakula kililiwa cha moto. Naxon aliuliza namna ya kuiga tanuri linalopoa. Jibu lake lilikuwa kuuzungushia chungu waya wa joto ubavuni, ili joto liingie kutoka pande zote badala ya kuchoma kitako peke yake. Hataza yake ilitolewa mwaka 1940.

Kwa miaka mingi hakuna aliyekitazama sana. Naxon alikiuza kama chombo cha kupikia maharage. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakileta sokoni kwa jina jipya. Ndipo kikashika, kwani wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakiingia kazini, na bei ya nishati ilipopanda baada ya 1973, chombo kinachokula umeme kidogo kilikuwa na hoja yake. Mwaka 1974 chungu cha ndani kilianza kutengenezwa cha kutoka, kikaweza kuoshwa na kupelekwa mezani. Chombo kilichozaliwa na meza ya watu wasiogusa nguruwe kikawa chombo kikuu cha kupikia nguruwe.

Anayekijua chungu cha udongo juu ya mafiga hashangazwi na chochote katika habari hii. Ukifunika chungu, ukapunguza kuni na kukipalia makaa juu ya kifuniko, umefanya kama alivyofanya Naxon, joto la pole lisilotoka chini peke yake. Tofauti ni kwamba chungu cha umeme kinaweza kuachwa peke yake. Chenye nguvu ya wati 200, kikiwashwa saa nane, kinatumia uniti 1.6.

Watu wengi hudhani moto mdogo na moto mkubwa wa chungu hiki ni majoto mawili tofauti. Katika vyungu vingi sivyo. Yote mawili hufika karibu na kuchemka, nyuzi 98 hivi. Kinachotofautiana ni mwendo: kwenye mkubwa safari huchukua saa tatu au nne, kwenye mdogo saba au nane. Ndiyo maana sarara haina usalama hata kwenye moto mdogo. Joto linapanda tu, halisimami kwenye nyuzi zinazoifaa, na baada ya saa mbili au tatu limeshazipita.

Basi tupike mkono. Mwambie muuza nyama akukatie vipande vinne vya begani vyenye mfupa, unene wa sentimita tatu, vyote pamoja kilo moja na nusu hivi. Vipake chumvi usiku, viache kwenye friji bila kufunika. Asubuhi vifute vikauke kabisa, kisha vikaange juu juu kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto sawasawa, dakika tatu kila upande, mpaka viwe vya kahawia nzito. Usivirundike, viwili viwili vinatosha. Wapo wanaosema kukaanga huku kunafunga maji ndani. Wazo hilo lilienezwa na mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840, nalo si kweli, nyama iliyokaangwa huendelea kutoa maji kama kawaida. Tunakaanga kwa ajili ya ladha. Rangi ile ya kahawia, na harufu inayowatoa majirani nje, hutokea pale protini na sukari zinapokutana kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, na chungu cha umeme hakifiki huko maishani mwake. Usipoiweka ladha hiyo kwenye kikaango, haitakuja.

Katika mafuta yaliyobaki unga vitunguu viwili, kitunguu saumu, tangawizi na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo. Mimina kikombe kimoja cha maji au supu, kwangua kila kilichoshika chini. Kikombe kimoja tu. Kifuniko hakiruhusu mvuke kutoka, na nyama italeta maji yake. Viazi na karoti ukivitaka vitangulie chini na ubavuni, kwenye joto, maana mizizi humo huchelewa kuiva kuliko nyama. Nyama juu, mchuzi wa moto juu yake, chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Weka moto mkubwa saa ya kwanza, kisha mdogo saa sita au saba. Ukifunua kuchungulia unapoteza joto la dakika ishirini na zaidi, kwa hiyo acha.

Nyama iko tayari mfupa mpana wa bega ukivutwa kwa vidole viwili na kutoka mtupu. Kwa mwenye kipimajoto, ndani isome nyuzi 90 au zaidi. Itoe kwa mwiko mpana, maana kwa uma itaporomoka. Mimina mchuzi kwenye sufuria, engua mafuta, uchemshe bila kifuniko mpaka ubaki nusu na kuwa rojo. Ndimu iingie hapo mwisho. Ikipikwa saa saba hupotea yote.

Na papai bichi? Jikoni kwetu papai ndilo daktari wa nyama ngumu, na kwenye mishikaki inayokwenda kwenye moto mkali lina kazi njema. Kwenye chungu cha umeme usilitie. Kimeng'enya chake, papaini, kinafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi, na chungu hiki kinapita eneo hilo kwa mwendo wa konokono. Papai linapata muda mrefu mno wa kula, na nyama inatoka kama uji kwa nje. Nimeona sufuria nzima ya mgeni ikiharibika hivyo.

Kwa sarara ushauri wangu ni kikaango, siyo chungu. Lakini kama chungu ndicho ulicho nacho, tafuta chopsi nene, sentimita tatu na nusu au nne, zenye mfupa. Ziloweke saa moja au mbili kwenye friji katika maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita. Chumvi hulegeza protini na kuzifanya zishike maji zaidi. Kaanga juu juu, weka kwenye mchuzi ambao tayari unachemka, moto mdogo, na baada ya saa moja na nusu anza kupima. Siku hiyo huendi kazini.

Upime mpaka wapi? Hapa jibu la Marekani si lazima liwe letu. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha chopsi kutoka nyuzi 71 hadi 63, pamoja na dakika tatu za kuiacha itulie. Huko minyoo ya trikinela, iliyotisha vizazi vilivyopita, imekuwa adimu sana kwenye mabanda yao. Kwetu kuna tegu wa nguruwe. Pale nguruwe wanapozurura na vyoo ni vichache, mnyama hula kinyesi cha binadamu chenye mayai, na nyama yake hujaa vifuko vyeupe vyenye maji, vidogo kama punje za mahindi. Anayeila nyama hiyo bila kuiva anapata tegu tumboni, na mayai yatokayo kwake yakimwingia mtu, yeye mwenyewe au wa nyumbani mwake, yanaweza kujenga vifuko ubongoni. Hiyo ni moja ya sababu kubwa za kifafa katika vijiji vinavyofuga nguruwe, kifafa ambacho kingezuilika. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Kama hujui ilikotoka, sarara ifike nyuzi 71 hata kama itakauka kidogo, na kama unaona vifuko usiipike kabisa. Mkono uliolala chunguni mpaka nyuzi 90 umeshavuka hatari hiyo kwa mbali, na hii ndiyo sababu ya pili ya kuupenda.

Mambo mawili ya tahadhari bado. Nyama ya barafu isiingie chunguni, kwa sababu itakaa muda mrefu mno kati ya nyuzi 4 na 60 ambako bakteria huzaliana, hivyo iyeyuke kwanza ndani ya friji. Na umeme. Ukirudi ukakuta saa ya ukutani inapepesa, na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, chakula hicho kimwagwe, hata kama kinaonekana kimeiva na kinanukia. Najua bei ya kilo moja na nusu ya nyama. Kimwagwe. Kama uko nyumbani umeme unapokatika, hamishia kwenye jiko la mkaa au la gesi umalizie hapo hapo.

Jumapili iliyofuata nilinunua mkono. Nilibeba chungu chote kwa basi nikakipeleka kwa mama, kimefungwa kwenye taulo mbili. Alikuwa na ndizi za kukaanga na kachumbari, akavuta mfupa wa bega kwa vidole, ukatoka, akauweka pembeni ya sahani yake bila kusema neno, akaanza kula. Tulikuwa watano na nyama haikubaki.

Rojo ilibaki kama vikombe viwili. Aliniambia niifunike niiweke kwenye friji. Asubuhi ilikuwa imeganda, juu tabaka jeupe la mafuta, chini jelatini ya kahawia ambayo ukiigusa kwa kijiko inatetemeka. Mafuta tulikaangia mayai. Jelatini ikaenda kwenye maharage mekundu, ambayo alikuwa ameyaloweka usiku na kuyachemsha nusu saa nzima kwenye sufuria ya kawaida kabla ya kuyatia chunguni, maana moto wa pole peke yake hauiui sumu ya maharage mabichi. Yaliiva saa kumi jioni, mazito, bila nazi wala tone la mafuta ya kupikia.